Ngoma, Maigizo na Mazingaombwe kwa Watoto Tabora: Uwapeleke Wapi na Lini?

Mgeni akiuliza mjini Tabora ukumbi wa maigizo uko wapi, ataonyeshwa ukumbi wa harusi. Anayemwelekeza hana kosa. Tuna viwanja, tuna makanisa makubwa, tuna kumbi zenye viti vya plastiki na vitambaa vya satini, ila jumba lililojengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza, lenye ratiba mlangoni na dirisha la tiketi, hatuna. Kwa hiyo mzazi anayetaka mwanawe aone watu wakiigiza, wakicheza na kupiga ngoma mbele ya macho yake, asianze kutafuta jengo. Aangalie kalenda kwanza, halafu amtafute mtu anayejua.

Nimezipanga hapa njia zinazopatikana kwa familia ya Tabora na kuzipambanisha kwa yale mzazi anayoyauliza mapema: gharama, umbali, umri wa mtoto, na kama kitu chenyewe kina ladha. Ninazozipendelea nitazitaja waziwazi.

Mvua na kiangazi

Mvua zetu huanza Novemba na kukatika karibu na Aprili au Mei. Miezi hiyo burudani huingia ndani: Krismasi, Pasaka, mahafali ya watoto wa awali. Kiangazi kikishika, mavuno yapo ghalani, wachezaji ngoma wana nafasi, na barabara za vijijini zinapitika. Uwanja wowote wenye mwembe unatosha kuwa jukwaa.

Tarehe tatu ziandike mapema. Ya kwanza ni 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa 1976. Siku hiyo watoto wenyewe ndio hupanda jukwaani. Ya pili ni wiki ya kwanza ya Agosti, maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, yanayokutanisha Tabora na Kigoma kwenye viwanja vya Ipuli. Ya tatu haina siku maalumu: Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani kwenu. Mkesha wa Mwenge una kwaya, ngoma na vichekesho hadi alfajiri, na huo ndio ubaya wake kwa mwenye watoto wadogo. Nenda saa kumi na mbili jioni, rudi saa tatu usiku, waachie vijana yaliyobaki.

Shuleni

Hakuna mahali mkoani panapotoa maonyesho mengi kama shuleni, na hakuna tunapopadharau zaidi. Kuna mahafali ya darasa la saba, mahafali ya awali mwishoni mwa mwaka, siku ya wazazi, ujio wa mgeni yeyote mwenye cheo. Kila tukio lina ngonjera, igizo, kwaya na ngoma moja au mbili. Gharama ni mchango ambao ulishautoa. Unafika kwa miguu, na mtoto akipotea kwenye umati mwalimu anamjua kwa jina.

Tatizo ni igizo lenyewe. Miaka yote hadithi ni ile ile: baba mlevi, mama mvumilivu, binti anaachishwa masomo aolewe, halafu mwenyekiti wa mtaa anatokea mwishoni akiwa na askari wawili. Baba amefunga mto chini ya shati na kuchora ndevu kwa masizi. Babu kapakwa unga kichwani awe na mvi. Mto ukiteleza, watoto wa awali wanagaragara kwa kicheko. Na kwa umri huo, hapo ndipo penye utamu. Mtoto wa miaka minne haoni tabu hadithi ikijirudia. Kinachomtia wazimu ni kumwona dada wa nyumba ya pili amegeuka bibi kizee anayekohoa, halafu dakika kumi baadaye ni dada tena, anakula karanga. Hilo ndilo somo la kwanza la uigizaji, na shule inalitoa bure.

Akifika miaka tisa au kumi, mto haumchekeshi tena. Hapo anahitaji kuona kazi ya watu waliokomaa, maana mtoto anayewaona wanafunzi wenzake tu hatajua mwigizaji anaweza kufika wapi. Ataamini kuigiza ni kupaza sauti na kuonya watu juu ya pombe.

Jambo jingine ni saa. Ratiba inasema saa tatu, mgeni rasmi anafika saa sita, hotuba zinafuata, risala inasomwa, na igizo linaanza saa nane wakati wadogo wameshalala mapajani. Muulize mwalimu anayeandaa watoto igizo liko nafasi ya ngapi kwenye ratiba, ufike karibu na muda huo. Hakuna atakayekulaumu, ilimradi mgeni rasmi si wewe.

Kuna ngazi moja ya shule ambayo wazazi wachache huifuatilia: UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Watu huijua kwa mpira na riadha, kumbe ina kwaya na ngoma pia. Kikundi kinachofika ngazi ya wilaya kimeshapita mchujo wa kata, watoto wamefanya mazoezi kwa wiki nyingi, na mwalimu wao ana hamu ya kushinda, jambo linalobadilisha kila kitu. Mwaka 2022 mashindano ya kitaifa yalifanyika hapa hapa Tabora. Mtoto wa darasa la tatu akiwaona wenzake wa darasa la sita wakipiga ngoma kwa kiwango hicho, anarudi nyumbani anapiga ndoo. Ulizia shuleni kuanzia mwezi wa nne au wa tano, kabla timu hazijasafiri.

Kanisani na madrasa

Igizo la Krismasi lina vitu viwili ambavyo la shule halina: paa na kwaya. Kwaya ndiyo inayobeba hadithi. Mtoto akisahau maneno, sauti nne zinamfunika hadi akumbuke. Kwenye parokia za Jimbo Kuu la Tabora watoto wa Utoto Mtakatifu hujiandaa kwa muda mrefu. Kwa Wamoravian, ambao wapo mkoani tangu walipofika Urambo mwaka 1898, na kwa makanisa mengine ya Kiprotestanti, kazi hiyo ni ya watoto wa shule ya Jumapili. Mavazi ni kanga, mashuka na mataji ya karatasi inayong'aa. Mbuzi wa kweli huingizwa mara chache, na akiingizwa ndiye huondoka na sifa zote.

Tazama saa ya ibada kabla ya kuamua. Igizo la mkesha huanza usiku, na mtoto wa miaka mitatu atasinzia kabla Yesu hajazaliwa. Parokia nyingi hulirudia asubuhi ya Krismasi au Jumapili inayofuata, na hiyo ndiyo ya kuwapeleka wadogo. Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu inayoigizwa barabarani ni jambo jingine. Ndiyo kazi nzito kuliko zote za kanisa, watu wazima wanaigiza kwa moyo wote, na umati unatembea pamoja na waigizaji badala ya kukaa kuwatazama. Lakini kuna mijeledi, kuna rangi nyekundu mgongoni, kuna wanawake wanaolia kikweli kabisa. Chini ya miaka minane ningemwacha nyumbani. Mwenye miaka kumi na kuendelea hataisahau.

Upande wa madrasa, kilele ni Maulidi ya Mfungo Sita. Kaswida za watoto na dufu haziitwi igizo, na sitalazimisha jina hilo, ila anayetafuta onyesho la watoto lililopangwa vizuri atalipata hapo: mavazi ya rangi moja, hatua zinazokwenda sawa, mwanzilishi mmoja na kundi linaloitikia, na zafa ikizunguka mitaa. Kwa kuwa tarehe hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, miaka hii Maulidi yanaangukia kiangazi, yaani nje, jioni, bila hofu ya mvua. Usiku kunaweza kuchelewa, lakini zafa huwa mapema na mtoto anaifuata kwa miguu. Kwa wasio wa dini husika, Tabora si mji wa kubaguana katika haya. Mpigie salamu ustadhi au katekista, mwombe nafasi, kaa mahali unapoelekezwa, wavalishe watoto nguo za heshima.

Nikizipambanisha hizi mbili na shule, kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane naona kanisa na madrasa zinashinda kwa ubora wa mazoezi. Shule inashinda kwa wingi wa nafasi. Na kwa familia yenye watoto wa umri mchanganyiko, zafa inashinda zote mbili, kwa sababu hakuna anayelazimishwa kukaa kimya.

Ngoma za wakulima

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mkoa wetu una utajiri huu mkononi na wazazi wa mjini wanaupita wakikimbilia mambo ya mbali.

Bugobogobo, manyanga, hiari ya moyo, ngoma za bayeye wenye nyoka: nyingi ya hizi mtoto wa mjini anaziona kwa dakika tano tu, kiongozi anapopokelewa uwanjani. Dakika hizo tano ni salamu. Ngoma yenyewe ina mwanzo, ina kisa, ina mhusika mkuu. Huyo mhusika ni manju. Manju anatunga, anaimba, anaigiza, anamdhihaki mpinzani wake, anamsifu aliyemtuza, anageuza sauti kuwa bibi, mtemi, karani wa tumbaku. Kwa jirani zetu Wasukuma, ambao wamejaa Igunga na Nzega, ushindani wa Bagika na Bagalu ni maarufu: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa upande wake. Hakuna majaji mezani. Watu wanapiga kura kwa miguu.

Kwa sababu hiyo kila kundi linatafuta kituko cha kuiba watazamaji. Ndiyo maana ya majembe yanayorushwa hewani na kudakwa kwenye bugobogobo, ndiyo maana ya mavazi ya ajabu, sanamu za mbao zinazotolewa ghafla kwenye kapu, na ndiyo maana ya nyoka. Mtoto wa miaka saba anayetazama mashindano hayo anajifunza kitu ambacho hakuna darasa litamfundisha: kwamba mtazamaji ana nguvu, na mchezaji analijua hilo.

Zingatia mambo manne kabla ya kumpeleka.

Lugha ndiyo kubwa. Manju anaimba Kinyamwezi au Kisukuma, na mtoto aliyekulia mjini, Cheyo au Isevya, huenda anajua salamu tu. Keti karibu na mzee anayecheka. Akicheka, muulize, atakutafsiria kwa furaha, ingawa baadhi ya mizaha atakutafsiria nusu na kukuangalia usoni. Manju hutania mambo ya watu wazima. Watoto hawaelewi, wakubwa wanajifanya hawaelewi, onyesho linaendelea.

Nyoka. Bayeye wana elimu yao, ya kuwashika na ya dawa za aliyeumwa, inayorithishwa ndani ya chama chao. Chatu hana sumu ila ana nguvu, na wachezaji wengine hutoa nyoka wenye sumu. Baki nyuma ya mstari ambao wenyewe wameuchora, usimruhusu mtoto aguse eti kwa sababu mwenzake amegusa, na kama ana woga wa kupindukia mweke upande wa ngoma, mbali na makapu. Wengi huogopa kwa dakika chache, halafu hawataki kuondoka.

Fedha. Kiingilio mara nyingi hakuna, au kipo cha viwanja tu kama ilivyo Nane Nane, lakini kuna kutuza. Mcheza kwao hutunzwa. Beba noti ndogo na sarafu, umpe mtoto akamtuze mchezaji aliyempenda kwa mkono wake. Tendo hilo moja litamfanya azungumzie siku hiyo wiki nzima, na mchezaji atamrudishia kwa kituko cha kumlenga yeye peke yake.

Vumbi, la mwisho. Kiangazi cha Tabora na miguu ya wachezaji hamsini hutoa wingu. Mwenye pumu akae upande upepo unakotokea.

Sasa, uwaone wapi? Kwa asiye na usafiri, Nane Nane ndiyo rahisi kupita zote: bajaji hadi Ipuli, vikundi kadhaa siku moja, vyoo, chakula, kivuli cha mabanda. Ukibahatika utaona pia wapiga ngoma wa Kigoma. Lakini pale vikundi hupewa muda mfupi na mshereheshaji ana haraka. Kijijini, baada ya mavuno, onyesho linakwenda nusu siku, nalo ni tofauti kabisa kwa uzito. Aliye na ndugu Nzega, Igunga, Uyui au Sikonge asiache kumpigia simu mwezi wa saba kuuliza lini kuna mashindano. Matangazo yake hayabandikwi popote. Yanakwenda kwa simu, kwa mnada, na kwa redio za mkoani.

Mazingaombwe na sarakasi

Kuna watu wanaozunguka shule za msingi na sanduku, kitambaa cheusi na kaseti ya muziki. Mwalimu mkuu anakubali, kila mtoto anatoa hela ndogo, na kwa saa moja karatasi zinageuka noti, yai linatoka sikioni, mtu anakula wembe. Watoto wa miaka sita hadi kumi hawana kitu wanachokipenda kuliko hiki. Ubora unatofautiana vibaya sana: mmoja ni fundi, mwingine ni mbabaishaji anayewaambia watoto kuwa ana majini. Kamati ya shule ikiomba kuona sehemu ya onyesho kabla ya kukusanya fedha, haikosei adabu.

Sarakasi ni nadra zaidi huku kwetu. Ikija, huja na sherehe za serikali, maonyesho au kampeni. Isipokuwa kwa ile michezo ya moto na visu, hii ni salama kwa umri wowote, haina lugha ya kukwamisha, na kwa familia yenye mtoto asiyesikia ni chaguo la kwanza bila mjadala. Onyo ni moja tu: watoto wataiga. Ondoa meza dirishani.

Maigizo ya uhamasishaji na Tuseme

Gari la matangazo linasimama mnadani, muziki mkubwa, watu wanajaa, halafu waigizaji wanne wanaanza kugombana kana kwamba ni ugomvi wa kweli. Haya ni maigizo ya mashirika na idara za afya: malaria, VVU, mimba za utotoni, ndoa za utotoni, watoto kutumikishwa mashamba ya tumbaku. Waigizaji wake mara nyingi ni wazuri kuliko wote niliokwisha kuwataja, kwa sababu wanalipwa na wanaigiza karibu kila wiki. Mahali pengine mchezo unasimamishwa katikati na mtazamaji anaitwa aonyeshe yeye angefanya nini. Mzee wa miaka sitini akiingia kucheza nafasi ya binti wa miaka kumi na nne, mnada mzima unatulia.

Ni bure. Ila kwa wadogo sipendekezi. Mada ni nzito na lugha ni ya wazi. Kwa mwenye miaka kumi na mbili na zaidi, mpeleke, kaa naye, na mkirudi mzungumze. Kuna mambo mzazi hawezi kuyaanzisha mezani lakini anaweza kuyaendeleza yakiwa yameshaanzishwa na mtu mwingine mnadani.

Aliye na binti sekondari aulizie kama shule ina klabu ya Tuseme. Mradi huo ulianzishwa 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasichana huchunguza matatizo yao shuleni, huyatungia mchezo, kisha huyaigiza mbele ya walimu na wazazi wale wale wanaohusika. Tofauti na lile igizo la baba mlevi, hapa hadithi imetoka kwa waigizaji, na inasikika hivyo. Ukialikwa kwenye onyesho la Tuseme na una mkutano mwingine saa hiyo hiyo, ahirisha mkutano.

Kusafiri hadi Bagamoyo

Wapo wanaosema, kama ni sanaa ya kweli, nenda Bagamoyo. Hawajakosea kuhusu ubora. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, siku hizi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la kila mwaka lina jukwaa halisi, taa, sauti, vikundi kutoka mikoa mingi na nje ya nchi. Mtoto ataona ngoma, sarakasi, maigizo na mazingaombwe siku moja, vyote mikononi mwa watu waliosomea.

Ila piga hesabu. Kwa reli ya zamani Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kisha kuna kilomita kama 70 za kufika Bagamoyo. Wengi siku hizi hupanda basi hadi Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika huko 2024 kwa nauli ya daraja la kawaida ya shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Inapunguza uchovu, haipunguzi gharama za kulala. Na tamasha huangukia kati ya Septemba na Novemba, wakati darasa la saba, la nne na kidato cha pili wako kwenye mitihani au wanaisubiri. Kwa familia ya watoto watatu, fedha ya safari hiyo inatosha kukodi kikundi cha ngoma zaidi ya mara moja na kualika mtaa mzima. Ningeifanya kwa mtoto mmoja aliyeonyesha kipaji, mwenye miaka kumi na mbili au zaidi, akiwa na shangazi au mjomba wa kumlaza Dar. Kwa wengine, hapana.

Walio Kigoma wako mbali zaidi na Bagamoyo, lakini hawana sababu ya kujihurumia. Ngoma kubwa za Waha, kule Kasulu na Buhigwe, ni ndugu wa zile za Burundi ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2014, na mtoto hahitaji kujua neno hata moja la Kiha ili kifua chake kitetemeke. Tena shule nyingi za huko zina klabu za Roots & Shoots, mpango ulioanzishwa nchini mwetu 1991 na Jane Goodall, na watoto wake huimba na kuigiza kuhusu misitu na sokwe wa Gombe. Kulinganisha kwetu na kwao, Tabora tuna manju na nyoka, Kigoma wana mapigo na ziwa. Treni ya kati inaunganisha miji yote miwili, na likizo ya Juni inatosha kwenda kutembelea.

Kukodi kikundi mtaani

Hii ndiyo njia ninayoipigia debe kwa wenye watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili, na sijui kwa nini haitumiki zaidi. Kaya kumi au kumi na tano zinachanga, kama zinavyochanga kwa harusi ya mtu ambaye nusu yao hawamjui. Kikundi kinakuja, kinacheza saa moja na nusu, watoto wa mtaa mzima wanaona, hakuna nauli ya familia nzima wala usiku barabarani.

Makubaliano yafanywe na kiongozi wa kikundi mwenyewe, si na mtu anayedai kumjua. Taja idadi ya wachezaji, maana bei na usafiri vinategemea hapo, na chakula kitakachopikwa. Mwambie kabisa kuwa watazamaji ni watoto, ili mizaha ya wakubwa ibaki nyumbani na maelezo yatolewe kwa Kiswahili kati ya wimbo na wimbo. Omba baada ya kucheza wachezaji wabaki dakika ishirini wawaachie watoto washike ngoma na njuga. Sehemu hiyo mara nyingi inazidi onyesho lenyewe. Anzeni saa kumi alasiri: jua limepungua, hakuna taa za kukodi, na saa kumi na mbili kila mtu yuko kwake.

Malipo, toeni nusu ya mwanzo na nusu baada. Kikundi kinachotaka zote kabla hakina ubaya lazima, lakini kina mazoea ya kuchelewa.

Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe, na kama mnataka kutoza kiingilio au kuleta mchezo wa kuigiza mbele ya umma, pitieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri; michezo ya jukwaani ina utaratibu wake wa vibali tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Msimwogope. Yeye ndiye anayevijua vikundi vya eneo lake, kipi bado kinacheza na kipi kimebaki jina, na akiona kundi la wazazi linataka onyesho la watoto anaweza kuwapa namba ya kiongozi hapo hapo. Mkamtafute asubuhi, siku ambayo hakuna ugeni wa kiserikali. Julai na mwanzoni mwa Agosti hatapatikana, kwa sababu Nane Nane inakaribia na vikundi vyote anavihitaji yeye.